Ilipotokea Fitina: Kisa cha Neno Moja na Sentensi Moja

Sentensi yenyewe ni fupi. Ilikaa katikati ya ukurasa, katika mswada uliotafsiriwa kutoka Kiarabu unaoeleza namna Waislamu wa vizazi vya mwanzo walivyoanza kuzichunguza hadithi za Mtume kabla ya kuzipokea. Mtafsiri wetu, ambaye sote tunamwita Ustadhi, alikuwa ameiandika hivi:

"Hawakuwa wakiuliza habari ya isnadi. Ilipotokea fitina, wakasema: Tutajieni watu wenu."

Mhariri nilikuwa mimi. Niliisoma, nikailinganisha na Kiarabu chake, nikaipitisha. Sarufi ilikuwa safi, isnadi ilikuwa imekwisha kuelezwa kurasa mbili nyuma, na kila neno lilikuwa limesimama palepale liliposimama neno la Kiarabu. Kisha mswada ukarudi kutoka kwa msomaji wetu wa majaribio, mwalimu wa Kiswahili ambaye hutusomea rasimu kabla hazijaenda kupangwa. Pembeni mwa sentensi ile alikuwa ameandika kwa penseli: "Kaka, hapa nani alimfitini nani?"

Swali hilo lilinikaa kifuani. Mwalimu ni mtu wa lugha, Kiswahili ndicho anachokula nacho na kulala nacho. Kama yeye aliona maneno ya chinichini mahali ambapo mwandishi wa Kiarabu aliona damu, basi kosa lilikuwa letu tulioandaa ukurasa. Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa sababu neno lililotukwamisha ni letu kabisa, la kila siku, na ndiyo maana hatukuliona.

Sentensi ilikuwa inasema nini

Msemaji ni Muhammad bin Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, yaani 728 Miladia. Kauli yake imehifadhiwa katika utangulizi wa Sahihi Muslim. Isnadi ni mlolongo wa wapokezi: mimi nimesikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, hadi kufika kwa Mtume. Ibn Sirin anakumbusha kwamba kulikuwa na wakati watu hawakudaiana milolongo hiyo. Mtu alikupa habari, ukaipokea. Kisha fitna ikatokea, watu wakawa makundi, na tangu hapo aliyeleta hadithi akaanza kuulizwa kaitoa kwa nani, ili wajulikane wapokezi wake ni watu wa upande gani.

Msomaji wa Kiarabu akikutana na neno hilo mahali kama hapa, mawazo yake yanakimbilia miaka ya 35 hadi 41 Hijria, yaani 656 hadi 661. Watu waliotoka Misri, Kufa na Basra walikwenda Madina na malalamiko yao juu ya magavana ambao Khalifa wa tatu, Uthman bin Affan, aliwateua kutoka katika ukoo wake, na juu ya mapato ya majimbo yalivyokuwa yakigawanywa. Wakaizingira nyumba yake, wakamuua. Kabla mwaka 656 haujaisha, Ali bin Abi Talib, aliyemrithi Uthman, alipambana karibu na Basra na jeshi la Talha, Zubayr na Bibi Aisha, mjane wa Mtume. Talha na Zubayr walikufa katika vita hivyo, Vita vya Ngamia. Mwaka 657 Ali na Muawiya, gavana wa Sham, wakakutana Siffin, kando ya mto Furati. Kurasa za Kurani ziliinuliwa juu ya ncha za mikuki, mapigano yakasimama, wasuluhishi wakateuliwa, na kwa kuuchukia usuluhishi huo kundi zima likajitoa katika jeshi la Ali: Makhawariji. Mmoja wao, Ibn Muljam, ndiye aliyemuua Ali huko Kufa mwaka 661.

Hayo yote yamo ndani ya neno moja. Waarabu wanayaita al-Fitna al-Kubra, Fitna Kubwa. Watu waliokuwa wameswali safu moja nyuma ya Mtume walisimama wakitazamana na panga mkononi.

Mwalimu hakuona hata kimoja katika hivyo, na ukiisoma sentensi ya Ustadhi kwa sikio la Kiswahili utamwelewa. Fitina kwetu hutiwa. Mtu hutia fitina, huleta fitina, huwafitini ndugu wawili mpaka wasisemezane. Aliyenyimwa cheo hulalamika kwamba kafanyiwa fitina. Mwenye tabia hiyo ana jina lake, mfitini. Neno hilo linaishi mdomoni mwa mtu mmoja na sikioni mwa mwingine, na mara nyingi linasemwa kwa sauti ya chini. Mwambie Mswahili yeyote kwamba "jana kulitokea fitina", naye atakuuliza: kasema nani, kamsema nani? Mwalimu aliuliza swali ambalo sarufi ya neno lenyewe inamtaka aulize.

Linganisha na kitenzi kilichotumika katika Kiarabu: waqaat. Ni kutoka mzizi uleule wa al-Waqia, jina la sura ya 56, na maana yake ya msingi ni kuanguka, kutukia. Fitna ya Ibn Sirin ilianguka juu ya watu kama dari linavyoanguka. Huenda kuna aliyekata nguzo, lakini kitenzi hakimtaji na wala hakimhitaji. Fitina yetu haisimami bila mtendaji. Tofauti yote ya kisa hiki imo hapo, na niliipita kwa sababu herufi za maneno mawili zilikuwa karibu sawa.

Dhahabu motoni

Nikarudi kwenye mzizi, f-t-n. Ibn Manzur, mtunzi wa kamusi kubwa ya Lisan al-Arab aliyefariki mwaka 711 Hijria, anaeleza kwamba asili yake ni kazi ya moto: kuyeyusha fedha na dhahabu ili kizuri kitengane na kibaya. Kurani inaubeba mzizi huo katika hali zake zote. Katika 51:13 watu wanatiwa motoni kwa kitenzi hicho hicho. Katika 29:2 wanaulizwa kama walidhani wataachwa waseme tu "tumeamini" bila kujaribiwa, na "kujaribiwa" hapo ni f-t-n. Katika 8:28 mali na watoto wa mtu wanaitwa fitna, kwa maana kwamba kwa vitu hivyo mtu hupimwa. Mzizi huo huo una upande wa mahaba pia. Mwenye uzuri wa kupumbaza ni fatin, na aliyepumbazwa ni maftun. Mwigizaji mashuhuri wa Misri, Faten Hamama, alikuwa na jina lililotoka hapo. Uzuri nao hupima watu, bila shaka.

Kwa hiyo Waarabu walipoziita ghasia za jamii nzima kwa jina la fitna, walikuwa wanazitazama kama tanuri. Jamii inayeyuka, na katika kuyeyuka inaonekana nani alikuwa dhahabu na nani alikuwa taka ya dhahabu. Sasa irudie sentensi ya Ibn Sirin. "Ilipotokea fitna, wakasema: Tutajieni watu wenu." Sonara akimaliza kuyeyusha anafanya nini? Anachambua. Huu ni usomaji wangu mwenyewe, sijui kama Ibn Sirin alikusudia picha hiyo au ilikuwa imekwisha kufa ndani ya neno kama picha nyingi zinavyokufa. Lakini nilipoiona, nilijua kwamba tafsiri yoyote tutakayochagua itapoteza kitu, na nikahuzunika kidogo kabla hata ya kuanza kuchagua.

Neno lilipoingia Kiswahili lilifanyiwa kile ambacho maneno mengi ya Kiarabu yamefanyiwa. Konsonanti mbili zilizogandana zikapewa irabu katikati: hukm ikawa hukumu, ilm ikawa elimu, rizq ikawa riziki, fitna ikawa fitina. Likaota mfitini, likaota kufitini, kufitiniana, kufitinisha. Likajaa Kiswahili. Na maana ikasogea. Jina la maafa ya watu wengi likawa jina la njia mojawapo ya kuyaleta maafa hayo, yaani ulimi. Hatukuwa peke yetu katika safari hiyo. Wamalay na Waindonesia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wana fitnah, na kwao ni kumsingizia mtu. Waajemi walibaki karibu na maana ya kale: baada ya uchaguzi wa rais wa Juni 2009 nchini Iran, serikali na wafuasi wake waliyaita maandamano ya wapinzani fetneh. Nitalirudia jambo hilo la Iran, kwa sababu linauma.

Ustadhi alivyojibu

Nilimpigia simu Ustadhi nikamsomea alichoandika Mwalimu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana mhariri, mbona watu wote wanajua kwamba fitina ni mbaya kuliko kuua? Maneno hayo ni ya Kurani. Kama fitina ingekuwa umbeya tu, ingekuwaje mbaya kuliko kuua?"

Hoja nzito, na nilihitaji kuishika polepole. Ni kweli maneno hayo yamo katika 2:191, na ni kweli kwamba kwa Kiswahili yamekuwa karibu methali. Lakini tazama tunayasema lini. Tunayasema mtu anapowachonganisha mke na mume, au anapopeleka maneno ya huku kule. Aya yenyewe inazungumzia watu waliofukuzwa majumbani mwao, na wafasiri wa kale kama al-Tabari waliieleza fitna hapo kuwa ni kuwatesa na kuwageuza waumini mpaka waiache imani yao. Sisi tumelibakiza tamko, maana tukaipeleka kwingine. Wamalay wana msemo uleule nao wanautumia vilevile dhidi ya wasingiziaji. Yaani uzito wa aya umeuhamia umbeya, na pengine ndiyo sababu neno fitina linatisha kwa Kiswahili kuliko "umbeya" au "usengenyaji": linatembea na kivuli cha kitu kikubwa kuliko lenyewe.

Ustadhi hakukubali kirahisi, na hoja yake ya pili ndiyo iliyonishtua, kwa sababu aliitoa mahali ambapo sikutegemea. "Fungua Biblia," akasema. "Baraba alifungwa kwa kosa gani?"

Nikaifungua tafsiri ya Union, ile ya 1952. Katika Marko 15:7, Baraba amefungwa pamoja na watu waliofanya fitina na kuua katika fitina hiyo. Hapo hakuna umbeya hata kidogo. Ni watu waliosimama dhidi ya utawala, wakamwaga damu. Kumbe katikati ya karne ya 20 Kiswahili cha maandishi, tena cha Wakristo, bado kiliweza kuibeba maana ya machafuko ndani ya neno fitina. Katika Wagalatia 5:20 ya tafsiri hiyo hiyo, fitina inakaa jirani na faraka na uzushi, na hapo imekwisha kukaribia ile ya kwetu ya leo. Maana mbili ziliishi nyumba moja. Tafsiri ya Habari Njema, iliyokuja baadaye, ilipofika kwa Baraba ikachagua uasi.

Kwa hiyo nilimwambia Ustadhi ukweli: hakukosea Kiswahili. Aliandika Kiswahili ambacho babu zetu wangekielewa bila shida. Tatizo ni kwamba kitabu chetu kinasomwa na Mwalimu, na vijana anaowafundisha, ambao kwao chumba kimoja cha nyumba ile kimefungwa zamani.

Kwa nini sikuweza kuliacha tu

Mtu anaweza kusema: eleza mara moja katika tanbihi, uendelee. Nililifikiria. Kilichonizuia ni jambo ambalo mwanzoni sikuliona, na ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa.

Ukisema fitina kwa Kiswahili, umekwisha kumtuhumu mtu. Hujamtaja, lakini umesema yupo. Na katika historia hii mahususi, kuna masimulizi yanayodai hasa hivyo: kwamba msiba wote ulipikwa na mtu mmoja, Abdallah bin Saba, aliyezunguka miji akiwachochea watu dhidi ya Uthman. Masimulizi hayo yalifika kwa al-Tabari kwa njia ya Sayf bin Umar, ambaye wachunguzi wa hadithi walimhesabu kuwa mpokezi dhaifu, na wanahistoria wamebishana muda mrefu kama mtu huyo alifanya lolote kati ya aliyoambiwa kufanya. Upande wa pili kuna maelezo ya mapato ya majimbo, magavana wa ukoo mmoja, wanajeshi wa Kufa na Basra walioona wanapunjwa. Mwandishi wa kitabu chetu hajachagua upande. Ameandika neno ambalo kwa Kiarabu linaweza kukaa katikati. Tukiandika fitina, tumemchagulia. Msomaji wa Kiswahili atapekua kurasa akimtafuta mfitini, na akikutana na jina la Ibn Saba atasema, "Ahaa, huyu hapa."

Ndiyo maana nikasema la Iran linauma. Walioandamana mwaka 2009 walikuwa wanadai kura zao zihesabiwe kwa haki. Kuyaita maandamano yao fetneh kulikuwa ni kusema, bila kulijibu dai, kwamba kuna mkono nyuma yao. Waajemi wana maana ya kale ya neno, na bado likatumika hivyo. Sisi ambao maana yenyewe imekwisha kusogea kwa mfitini tungekuwa na hatari zaidi. Maneno ya ghasia hayana aliye safi. Uasi ni neno la anayetawala, kutoka asi, kutotii, na aliyeasi amekwisha kuhukumiwa kabla hajasikilizwa. Mapinduzi ni neno la aliyeshinda. Uchochezi unatoka katika chochea, kusogeza kuni ili moto uwake, na hapo tena kuna mkono unaosogeza. Nilikuwa natafuta neno ambalo halijasikiliza kesi.

Maneno tuliyoyajaribu

Nilichukua karatasi nikaiandika sentensi upya mara nyingi, kila mara na neno jingine mahali pa fitina, nikazisoma kwa sauti.

Fujo lilianguka mapema. Linatoka katika fuja, kuharibu ovyo kama mtu anavyofuja mali, na lina udogo fulani: watoto hufanya fujo, mlevi hufanya fujo. Ukisema Uthman aliuawa katika fujo umemdharau marehemu. Vurugu lina nguvu zaidi, na picha yake naipenda sana. Kuvuruga ni kukoroga, kama maji ya kisima yanavyokorogwa mpaka tope la chini linapanda juu. Tope linaonekana, kumbe lilikuwamo siku zote! Hilo linakaribia tanuri la Waarabu kuliko neno jingine lolote tulilonalo. Lakini leo vurugu ni neno la saa chache. Vurugu zilizuka uwanjani, zikatulizwa. Miaka sita haitoshi ndani yake.

Ghasia lilikuwa na umati na kelele, na mimi nikisikia ghasia naona watu wengi mahali pamoja. Rabsha ni ya mkono kwa mkono. Zahama inatoka katika zahma ya Kiarabu, msongamano, na bado inasikika kama watu wanaobanana mlangoni. Taharuki, kutoka taharruk, ni kutikisika, na inaeleza mioyo ya watu kuliko matendo yao. Haya yote niliyapita haraka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa sahihi kiistilahi, na Ustadhi aliipenda. Tatizo langu nayo ni kwamba inahesabu mapigano tu. Kuzingirwa kwa nyumba ya Uthman hakukuwa vita. Ubishi juu ya nani anastahili kuaminiwa, ambao ndio hasa Ibn Sirin anauzungumzia, hauko ndani ya maneno hayo. Mwalimu aliongeza jambo la sikio: sentensi ya Ibn Sirin ni fupi na kali, na maneno matano katikati yake yanaivunja mgongo.

Mfarakano ulinivuta sana. Una f-r-q ya Kiarabu ndani yake, kama mtafaruku, na unasema hasa kilichotokea: waliokuwa kitu kimoja wakatengana. Hapa nikatumia jaribio ambalo hunisaidia mara nyingi, la kuuliza kinyume cha neno. Kinyume cha fitna tunakijua, kwa sababu Waislamu wenyewe walikipa jina. Mwaka 41 Hijria, Hasan bin Ali alipompisha Muawiya na mapigano yakakoma, mwaka huo uliitwa Am al-Jamaa, Mwaka wa Jamaa, yaani mwaka wa watu kuwa pamoja. Angalia neno jamaa nalo lilivyosafiri: kwetu ni ndugu, au yule bwana pale. Kwao hapa ni umma mzima uliokusanyika tena chini ya kiongozi mmoja. Kama kinyume ni kuwa pamoja, mfarakano unafaa kabisa. Lakini mfarakano hauna damu. Watu hufarakana wakaendelea kuishi nyumba za jirani miaka arobaini.

Likabaki machafuko.

Machafuko yanatoka katika chafuka, na kabla ya siasa kulitumia, neno hili lilikuwa la bahari. Bahari imechafuka: upepo umegeuka, mawimbi yamepanda, chombo hakitoki. Nani aliyeichafua bahari? Hakuna anayeuliza. Imechafuka yenyewe, kwa sababu zake, nyingi na za mbali. Kitenzi hicho kina kauli ya kutendeka ndani yake, na ndiyo kauli tuliyokuwa tunaitafuta tangu Mwalimu alipouliza swali lake. Machafuko yanaweza kuchukua siku au miaka. Yana damu ndani yake, sote tunajua. Hayamtaji mtu. Nilipoisoma sentensi kwa sauti, ilisimama.

Kilichokosekana ni moto. Hakuna dhahabu katika machafuko, hakuna kupimwa. Bahari ikitulia haijamwonyesha mtu yeyote nani alikuwa safi. Nilimwambia Ustadhi hivyo, naye alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili: "Moto tutauweka mahali pengine." Ndivyo tulivyofanya. Pale mwandishi anapoinukuu 8:28, ya mali na watoto, tuliandika mtihani. Aya ya 2:191 tuliiacha na fitina kama ilivyozoeleka, tukaeleza kwa sentensi mbili kwamba fitina hapo ni mateso ya kumtoa mtu katika dini yake. Na katika utangulizi Ustadhi aliongeza aya nzima kuhusu sonara na tanuri, aya nzuri kuliko zote alizoandika katika kitabu hicho, ili msomaji akifika mbele ajue kwamba mtihani wa huku na machafuko ya kule ni neno moja katika asili.

Pendekezo moja tulilikataa kwa kauli moja, nalo nilileta mimi. Nilitaka tuandike fitna, bila ile i ya katikati, kama neno geni lenye maana yake, na fitina ibaki kwa maana ya Kiswahili. Karatasini lilipendeza. Mwalimu alilisoma kwa sauti mara tatu na mara zote tatu ikasikika fitina. Alisema wapo wanaotamka fitna hata wakizungumzia wambeya wa kawaida. Tofauti ambayo jicho linaiona na sikio halioni haiwezi kubeba kitabu kizima.

Ukurasa ulivyotoka

Sentensi ikawa hivi: "Hawakuwa wakiuliza habari ya isnadi. Yalipotokea machafuko, wakasema: Tutajieni watu wenu." Tuliitumia "yalipotokea" kwa makusudi, tukakataa "yalipozuka", kwa sababu kuzuka kuna ghafla ndani yake, na waqaat haikusema kwamba ilikuwa ghafla.

Nikautuma ukurasa kwa Mwalimu, safari hii bila maelezo, nione sikio lake litasema nini. Ulirudi na penseli pembeni, mahali palepale: "Kaka, machafuko yapi? Ya Uthman, au kuna mengine?"

Nilifurahi mno kuliona swali hilo, kwa sababu ndilo ambalo wasomi wenyewe wamegombana nalo. Joseph Schacht aliandika mwaka 1950 kwamba fitna ya kauli hii ni ile iliyoanza kwa kuuawa kwa Khalifa Walid bin Yazid mwaka 126 Hijria, yaani 744. Na kwa kuwa Ibn Sirin alikuwa amekwisha kufariki mwaka 110, Schacht akaona kauli yenyewe amebandikwa tu. Wengine walimjibu kwamba hakuna kinacholazimisha tarehe hiyo. G. H. A. Juynboll aliiona kuwa fitna ya pili, siku za Abdallah bin Zubayr aliyetawala Makka mpaka alipouawa mwaka 692. Ibn Sirin alizaliwa mwishoni mwa ukhalifa wa Uthman, kwa hiyo machafuko ya kwanza yalimkuta mtoto mchanga, na ya pili yalimkuta mtu mzima mwenye macho yake. Wengi bado wanaisoma kama ya kwanza, ile ya Uthman.

Nilimwandikia hayo yote. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Basi msiongeze jina la mtu hapo. Acheni machafuko."

Tukaacha.